Kibanzi Kimoja Kabla ya Kula, Kimoja Baada

Leo tuzungumzie ile mashine ndogo ya kupimia sukari ambayo siku hizi utaikuta kabatini katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kisukari, pamoja na kisindano chake na vile vibanzi vya kupimia, au stripu kama wengi wetu tunavyoviita. Nina swali moja tu. Je, mashine hiyo inaweza kutuambia tule nini? Jibu langu nalitoa mapema ili ujue tunakoelekea: ndiyo, inaweza, ila lazima iulizwe swali la chakula. Wengi wetu hatuiulizi swali hilo. Tunaiuliza habari za asubuhi, inatujibu, tunafurahi au tunanuna, kisha tunakula vilevile tulivyokula jana.

Basi tuanze na hiyo asubuhi. Kwa nini watu wengi hupima alfajiri kabla ya chai? Ni kwa sababu ndivyo walivyoagizwa kliniki, na daktari ana haki ya kuagiza hivyo. Kipimo cha kabla ya kula chochote humwonyesha kama dawa zinashika na kama sukari imetulia kwa jumla. Kwa daktari kina maana kubwa. Kwa anayepika je? Kina maana ndogo sana. Wewe ukilala, ini lako halilali. Linatoa sukari liliyoiweka akiba ili ubongo na moyo visikose cha kutumia, na kunapokaribia kucha, homoni za kuuamsha mwili hulifanya lizidishe. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini huidhibiti ziada hiyo. Kwa mwenye kisukari udhibiti huo umelegea, kwa hiyo anaweza kulala na 7 na kuamka na 9 bila kutia kitu kinywani usiku kucha. Sasa mfikirie mama aliyekula kwa uangalifu jioni, sukuma wiki nyingi na ugali mdogo, akaamka na 9. Atasema nini? Atasema kujinyima ni kazi bure. Na jirani yake aliyekula chapati nne, dawa ikamshika vyema usiku, akaamka na 7, atasema chapati hazina neno. Wote wawili wamepotoka, na mashine haikusema uongo. Iliulizwa habari za ini, wao wakadhani imejibu habari za sahani.

Ukitaka habari za sahani, ipime sahani. Tunaipimaje? Unapima mara moja kabla tu ya kula, unaandika. Unakula chakula chako cha kawaida, na tafadhali kiwe cha kawaida kweli, usikipambe kwa sababu leo unapima. Unaangalia saa ulipotia tonge la kwanza. Saa mbili baadaye unapima tena, unaandika. Unahesabu kuanzia tonge la kwanza, si unapoondoa sahani. Kwa nini saa mbili? Kwa kawaida sukari ya mlo hufika kileleni kati ya saa moja na saa moja na nusu, na ikifika saa mbili inatakiwa iwe imeanza kushuka. Ukiikuta ingali juu sana, mlo ule ulikuwa mzigo mzito kuliko mwili wako ulivyoweza kuubeba. Miongozo ya chama cha kisukari cha Marekani, ambayo hufuatwa na madaktari wengi duniani, humtaka mtu mzima asiye mjamzito awe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na asifike 10 katika saa moja au mbili tangu aanze kula. Mzee sana, au mwenye maradhi mengine, hulegezewa kidogo na daktari wake. Na kama mashine yako inasoma 126 badala ya 7, usipige kelele. Ni kizio kingine tu. Igawe namba hiyo kwa 18.

Tuchukue mfano. Mtu wa Dallas hapa mjini Embu anakula ugali na sukuma saa mbili usiku. Kabla ya kula ana 6.8. Saa nne usiku ana 12.4. Amejua nini? Amejua kwamba mlo ule, kwa kiasi kile, umempandisha kwa zaidi ya 5. Hilo halitoshi kumwambia afanye nini, kwa hiyo kesho au kesho kutwa anarudia mlo uleule akiwa amebadilisha jambo moja. Nasema jambo moja. Anapunguza ugali ufike nusu na kuongeza maharagwe. Au anaacha ugali ulivyo, ila anaanza kwa mboga na maharagwe, ugali unakuja mwisho. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell mjini New York walionyesha, kwa kikundi kidogo cha watu 11 wenye kisukari, kwamba chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huo hupandisha sukari kwa kiasi kidogo zaidi. Au hagusi chakula kabisa, anatoka akatembea dakika kumi baada ya kula. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliochapishwa 2016, uliona kwamba matembezi mafupi baada ya kila mlo hushusha sukari ya baada ya kula zaidi kuliko nusu saa ya kutembea wakati wowote wa siku. Akibadilisha mambo matatu kwa pamoja na sukari ikashuka, hatajua ashukuru lipi.

Msikilizaji mwingine ataniuliza: taabu hii yote ya nini, si tuna orodha ya vyakula tuliyopewa kliniki? Orodha ni nzuri na usiitupe. Lakini orodha imeandikwa kwa ajili ya watu wote, na mwili wako si wa watu wote. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 800 kwa vifaa vinavyosoma sukari mchana na usiku kwa wiki nzima. Walikuta kwamba watu wawili wakila kitu kilekile, kiasi kilekile, mmoja anaweza kupanda sana na mwenzake akapanda kidogo tu. Watu wale hawakuwa wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo tusizinyooshe namba zao mpaka zifike kwetu, lakini jambo lenyewe madaktari wa kisukari walikuwa wakiliona miaka mingi. Hata mtu aliyetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kujipima nyumbani aliuuliza mwili wake mwenyewe. Richard Bernstein alikuwa mhandisi huko Marekani, mwenye kisukari tangu utotoni. Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine ya kupimia sukari ambayo iliuzwa kwa madaktari na hospitali peke yake. Mkewe alikuwa daktari, basi ikaagizwa kwa jina la mke. Alijipima mara kadhaa kwa siku, akabadilisha chakula na insulini kwa kufuata alichokiona, na baadaye, akiwa mtu mzima tayari, akaenda kusomea udaktari. Lishe aliyokuja kuihubiri, ya wanga kidogo mno, si kila mtaalamu anayeikubali. Njia yake ya kuuliza ndiyo iliyobaki.

Turudi kwenye sahani zetu, kwa maana hapa ndipo penye uhondo. Eneo letu limejaa vyakula vyenye sifa ya kuwa dawa ya kisukari. Unga wa wimbi ni dawa. Ugali wa kahawia ni dawa. Nduma ni dawa. Asali ya Mbeere, wengine watakuapia, si sukari kamwe. Mashine itakujibu kwa upole. Wimbi ni nafaka njema, ina nyuzinyuzi na madini, lakini unga wake ukisagwa laini kabisa, ukapikwa uji, ukanywewa kikombe kikubwa chenye vijiko viwili vya sukari, unaingia mwilini haraka sana. Ugali wa mahindi yasiyokobolewa ni bora kuliko ule mweupe, lakini mlima wake ni mlima uleule. Mtu aliyekuwa akila kipande, sasa anakula viwili kwa kuwa ameambiwa hauna madhara. Nduma ina wanga, na wanga huishia kuwa sukari. Asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. Kwa upande mwingine, kuna chakula ambacho vijana wa mjini wanakidharau na mashine inaweza kukitetea: githeri. Mahindi ni yaleyale ya ugali, lakini punje ni nzima, inabidi zitafunwe, na maharagwe yaliyo pembeni yana protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Wengi wakipima bakuli la githeri na sahani ya ugali siku mbili tofauti wataona tofauti. Nasema wengi. Wewe je? Hapo ndipo vibanzi viwili vinapokuwa na thamani kuliko maneno yangu yote, na mukimo, ndizi za kupika na wali wa pishori wa Mwea vinangoja kuulizwa vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote, na sitalipita kando. Wapo wataalamu wanaosema kujipima nyumbani, kwa mtu wa kisukari cha aina ya pili asiyetumia insulini, hakuna faida. Nao hawasemi kwa kubahatisha. Mwaka 2007 Uingereza walichapisha utafiti uitwao DiGEM, ulioshirikisha wagonjwa 453. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa mashine hawakuwa bora kwa maana yoyote kuliko waliokosa. Mwaka 2008 utafiti wa Ireland ya Kaskazini ulikuta hivyo hivyo, na zaidi ya hapo waliojipima walikuwa na huzuni zaidi kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2017 North Carolina, Marekani, wagonjwa 450, mwaka mzima, tofauti haikuonekana. Je, tuzitupe mashine zetu? Hapana. Utafiti wa 2011, uitwao STeP, pia wa Marekani, ulichukua wagonjwa wa aina hiyohiyo, lakini ukawafundisha kupima kwa mpango: siku tatu mfululizo kabla ya kwenda kliniki, kabla na baada ya milo na wakati wa kulala, na kuandika kwenye karatasi moja ambayo mgonjwa na daktari wote walifundishwa kuisoma. Baada ya mwaka, kipimo chao cha wastani wa miezi mitatu kilikuwa kimeshuka zaidi kuliko cha wenzao. Tofauti haikuwa kubwa sana, nakiri, lakini ilikuwapo. Kwa hiyo mimi nazisoma tafiti hizi zote kuwa ni ushahidi wa upande mmoja. Kupima peke yake hakumponyi mtu. Namba isiyobadilisha kitu inaongeza huzuni tu, kwa kuwa kila asubuhi inakukumbusha ugonjwa bila kukuonyesha njia. Namba inayokuambia punguza huu, ongeza ule, hiyo ina kazi. Na kwa wanaotumia insulini hakuna ubishi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1993 juu ya kisukari cha aina ya kwanza ulikata shauri kwamba kupima mara kwa mara na kurekebisha insulini huyalinda macho, figo na mishipa ya fahamu.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Vibanzi ni ghali, na wanaoishi kwa kibarua wanajua kwamba pakiti moja inagombania pesa zilezile za unga na karo. Ni kweli tupu. Lakini tupige hesabu pamoja. Anayepima kila asubuhi hutumia vibanzi 14 kwa wiki mbili. Akiacha hivyo, akachagua mlo mmoja unaomtia shaka, tuseme wa jioni, akaupima kabla na baada kwa siku tatu wiki ya kwanza, kisha akabadilisha jambo moja na kuupima tena siku tatu wiki ya pili, ametumia vibanzi 12. Ametumia vichache zaidi na amejua mengi zaidi. Na akishajua, haendelei kupima mlo ule kila siku. Anakaa na sahani yake mpya, anahifadhi vibanzi, anahamia mlo mwingine mwezi unaofuata. Hapa nazungumzia mtu wa aina ya pili asiyetumia insulini; anayetumia insulini asipunguze vipimo alivyoagizwa. Asiye na mashine naye asikate tamaa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini Kenya hawakuwahi kupimwa sukari hata mara moja, na Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa vya kazi, mashine ya sukari ikiwemo. Mtaa wako una mhudumu wake. Mwulize kama ana vibanzi, na ukipata nafasi ya kupimwa mara mbili tu, ziwe za mlo mmoja.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: sufuria ni moja. Mgonjwa hapikiwi peke yake, na mara nyingi si yeye anayepika. Anapika mke, au binti, au mkaza mwana, kwa pesa iliyopo na kwa watoto wenye njaa. Hili ni pingamizi la haki, na ushauri mwingi wa kliniki hulisahau. Baba anaambiwa habari za lishe, anarudi nyumbani, mama anayeshika mwiko hakuambiwa chochote. Lakini tazameni yale tuliyosema tubadilishe. Kupunguza kipande cha ugali hakuhitaji sufuria ya pili. Kuanza na mboga hakuhitaji sufuria ya pili. Kutembea dakika kumi hakuhitaji hata jiko. Kinachohitajika ni kwamba namba ziwekwe mezani, anayepika azione. Mtu akisema tu, mimi nimekatazwa ugali, nyumba inamwona msumbufu. Akisema, jana nilipanda mpaka 12, leo kwa kipande hiki nimeishia 9, ametoa hoja.

Lakini mashine ina upofu wake, na ni lazima tuutaje. Inaona sukari peke yake. Haioni chumvi, haioni mafuta. Ukila nyama choma kilo nzima bila ugali, baada ya saa mbili utapata namba nzuri ya kujivunia, na moyo wako hautakuwa na cha kujivunia. Mafuta pia huchelewesha sukari: chapati iliyokolezwa mafuta, au viazi vya kukaanga, vinaweza kuonekana salama saa ya pili na kupanda saa ya tatu au ya nne. Anayetafuna muguka akiusindikiza na soda asishangae namba zake zikikosa mpangilio; na kwa kuwa muguka huua hamu ya kula, siku hiyo huenda mlo hakuupima kwa sababu hakuula. Pombe nayo, pamoja na baadhi ya dawa, inaweza kuteremsha sukari kwa kiwango cha hatari usiku. Vilevile mashine haina usahihi wa mizani ya dhahabu. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu ipotoke kwa hadi asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo 8.1 na 8.7 zihesabu kuwa kitu kimoja. Tafuta tofauti kubwa inayojirudia siku mbili tatu. Na nawa mikono kwa sabuni, ukaushe, kabla ya kutoboa kidole. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa, amepima embe.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Hakuna namba ya nyumbani inayokupa ruhusa ya kuacha dawa au kubadilisha kipimo cha dawa peke yako. Kama unatumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, ukipunguza wanga ghafla dawa ileile inaweza kukushusha kupita kiasi, basi zungumza na kliniki kabla ya kuanza jaribio lolote. Mashine ikisoma chini ya 4, au ukitetemeka, ukitoka jasho, ukichanganyikiwa, usifikirie lishe wakati huo: koroga vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, unywe, ngoja dakika 15, upime tena. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja. Mama mjamzito ana viwango vyake, vikali zaidi, asifuate namba nilizotaja leo. Kisindano ni cha mtu mmoja, hakiazimwi hata kwa ndugu, na kikishatumika kitiwe ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko, kisitupwe kwenye taka wanakochezea watoto. Kopo la vibanzi lifungwe vizuri, likae mbali na joto la jiko.

Basi, msikilizaji, nunua daftari la shule, lile jembamba la bei nafuu. Andika tarehe, ulichokula na kiasi chake, namba ya kabla na namba ya baada. Anza na mlo mmoja wiki hii. Siku yako ya kliniki ikifika, iwe Embu Level Five, Runyenjes, Chuka au Meru, nenda na daftari hilo ulifungue mbele ya daktari au muuguzi, umwonyeshe ukurasa, umwulize, kwa namba hizi nibadilishe nini? Foleni ni ndefu na yeye amechoka, huenda akataka kukuandikia dawa zilezile na kumwita anayefuata. Usiinuke kabla hajausoma.